Pambizo la Kushoto

Jarida ni la wakunga wa wilaya, kurasa ishirini na nne,
na mimi niko chumba cha nyuma, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
feni inazunguka kivivu kama mtu anayedaiwa.
Kando ya kompyuta nimefungua
gazeti la zamani la wakata mkonge,
karatasi imeshakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
Mpangaji kurasa, H. Semkiwa.
Sikuwahi kumwona. Alikufa nikiwa darasa la pili.
Lakini mkono wake naujua
kama unavyojua hatua za jirani wa ghorofani.

Tazama safu zake.
Mbili, nyembamba, zimesimama wima
kama mkonge wa Pongwe,
na kati yake njia, pana, haina kitu.
Shamba lisilo na njia halikatiki,
utachomwa na miiba ukitafuta pa kuweka mguu.
Na jicho nalo ni kibarua.

Ila kilichoniteka ni pambizo la kushoto:
vidole vitatu vya weupe, kila ukurasa,
enzi ambazo karatasi ilikuwa ya mgawo
kama sukari.
Nikasema, huyu alikuwa na moyo.
Katika dhiki ile akatenga pa kunyamaza!
Nikalipima kwa rula, nikaliiga,
nikamwandikia mhariri barua ya maelezo,
neno "falsafa" mara mbili.

Jumamosi nikaenda Makorora kwa Bi Mwantumu,
yeye ndiye aliyekuwa akikunja kurasa
kwa mgongo wa kijiko.
Akacheka hadi miwani ikamvuka.
"Falsafa! Mashine ilikuwa mbovu, mwanangu.
Upande wa kushoto ilitafuna karatasi.
Hemedi akiilaani kila Alhamisi,
na kipuri tulikisubiri miaka sita."

Nikakunja rula yangu. Soda ikanishuka kwa shida.

Naye akalaza kiganja juu ya weupe ule,
akapapasa, kama anatafuta chumvi mezani.
"Lakini kipuri kilipofika," akasema,
"pambizo hakulibana.
Watu walishazoea kuandika pale.
Matita waliyokata. Deni la dukani.
Mtoto kazaliwa saa ngapi, kapewa jina gani.
Kuna mama alileta gazeti hadi mahakamani,
tarehe ya ndoa yake ilikuwa pale pembeni, kwa penseli."

Usiku nimerudi kwenye kurasa zangu.
Uzito wa mtoto, njia ya kuzuia damu,
picha ya zahanati ya Mapinga-Juu yenye paa jipya.
Kushoto, vidole vitatu.
Nimewaza kalamu ya mkunga, saa nane za usiku,
taa ya kichwani, mkono mmoja umeshika kitovu.

Mhariri amepiga simu asubuhi hii.
Ana tangazo la magodoro, anasema, jembamba tu,
na pale kushoto pamekaa bure.

Nimemwambia pameshajaa.