Umekwisha, Ilisema Mashine

Bulgaria nzima huutania mji wetu, Gabrovo:
kwamba paka wetu hukatwa mikia
ili mlango uwahi kufungwa, baridi isipenye;
kwamba saa zetu husimamishwa usiku
meno yake yasilike bure.
Baba yangu, Nedialko, alicheka kuliko wote,
kisha akazima taa, akaendelea kucheka gizani.

Mkono wa birika, mama alimwita.
Lakini birika, alijibu, ndilo linalomimina.

Katriji mpya bei yake ilikaribia ya printa yenyewe.
Aliigeuza dukani, akaisoma mgongoni,
akairudisha rafuni taratibu
kama anayemlaza mtoto wa watu.
Kesho yake alikuja na chupa nne na sindano,
akatandika gazeti juu ya meza ya jikoni,
akabandua lebo kwa ukucha,
na chini yake tundu,
dogo, kama la sikio lisilovaa hereni.
"Polepole," aliniambia. "Sponji hunywa kama mgonjwa.
Ukimharakisha atatapika."
Haba na haba,
mililita sita, saba. Akasimama. Akangoja.
Miaka thelathini na mmoja alitia sufu rangi
katika kiwanda ng'ambo ya mto Yantra,
kabla hakijafungwa, madirisha yakapigwa mawe.
Vidole vyake viliijua samawati kwa uzito.

Mara moja tu alikosea.
Wino wa waridi ulirukia kitambaa cha meza,
doa likakaa mkao wa kuku anayeatamia,
na mama hakusema naye siku mbili.

Mashine iliwasha taa nyekundu: umekwisha.
"Mwongo," alisema baba. "Haioni wino hiyo.
Inahesabu kurasa,
kama karani anayefunga dirisha saa kumi kamili
foleni ikiwa bado imesimama."
Akabonyeza kitufe, akakishikilia,
akahesabu mpaka kumi na tano,
na mashine, shingo upande, ikakubali.
Ikatoa bili za maji, mashairi ya shule ya mtoto wa jirani,
na maelezo ya kuhifadhi pilipili kwenye siki
ambayo mama aliyajua kwa moyo tangu usichana.

Februari, daktari alisoma vipimo
akasema neno lile lile la mashine.
Nikaushika mkono wa baba, nikaubonyeza,
nikaushikilia.
Nikahesabu mpaka kumi na tano.
Nikahesabu tena.

Kwetu tanzia hubandikwa:
mlangoni, kwenye nguzo, kituo cha basi,
picha na jina na miaka,
na tena siku ya arobaini, na tena nusu mwaka.
Watu wa mazishi walitaja bei ya kuchapa.
Mama alifunga pochi.
"Akisikia tumelipia karatasi, atafufuka kwa hasira."

Basi nikatandika gazeti.
Chupa ya nyeusi ilikuwa imekauka, ukoko mtupu,
nikaiachia mashine izichanganye tatu zilizobaki,
ikatoa weusi wa kuazima,
weusi wenye zambarau pembeni.
Nilichapa thelathini. Vidole vyangu viligoma kutakata
hata kwa limau, hata kwa spiriti;
niliwapa mkono waombolezaji hivyo hivyo.

Arobaini ilinyeshewa.
Kwenye nguzo kando ya daraja nilimkuta baba
amefumuka: waridi imeteremka kidevuni,
samawati imejaa ukosi wa shati,
manjano imebaki kwenye paji la uso, haijaamua.
Bi Ganka wa ghorofa ya pili alinihurumia.
"Ungechapisha dukani, mwanangu. Ya dukani hayachuji."
Nilitia kidole kwenye kola ya baba. Kikatoka buluu.
Sikumjibu.

Nyumbani, ndani ya sindano, zimebaki mililita mbili.
Taa nyekundu inapepesa.
Mama, kiganja juu ya kuku wa waridi,
ananiuliza kama nimekumbuka kufunga chupa vizuri.
Agosti haiko mbali.