Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Saa tisa usiku, wodi ya wanaume,
oksijeni ikinong'ona puani mwa mzee Ndaki.
Namgeuza ubavu. Anafumbua jicho moja:
"Sista, unanukia kama bani la kaka yangu, Urambo."
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.
Nikanawa mikono mara mbili. Harufu ikakaa.

Ni kweli, mzee. Mimi mtoto wa bani.
Nilitunga majani kwenye vijiti kabla sijajua kuandika;
ada ya chuo cha uuguzi ilitoka kwenye marobota ya tumbaku
iliyokaushwa kwa kuni za miombo.
Gauni hili jeupe, ukilichunguza pindo,
lina moshi tangu dukani.

Sigara ya kwanza nilipewa na usingizi.
Mwaka wa kwanza kazini, wauguzi wawili, wagonjwa arobaini,
na kiberiti cha mlinzi ambacho hakikuisha.
Asubuhi nawaambia wenye kifua kikuu: acheni sigara.
Nasema nikitazama dirisha.

Juzi kikaoni wameniuliza kilichonisaidia ni nini.
Walitaka jambo moja, waliandike.
Sikuwa nalo moja.
Kulikuwa na Kashindye, tulioanza pamoja Jumatatu ileile:
"Ukivuta nami navuta, na dhambi yangu iwe yako."
Kwa hila hiyo akanishika wiki mbili na ushee.
Kulikuwa na karanga mfukoni,
na masega ya Sikonge, natafuna nta hadi taya linauma.
Kulikuwa na mkuu wa wodi, Bi Nyamizi.
Hakunisema. Alihamisha tu chupa ya chai
kutoka ofisini kwake hadi mezani petu,
akaketi nasi dakika kumi,
zilezile dakika kumi nilizokuwa nazipeleka nje.
Kulikuwa na mwanangu, kugeuza uso nikitaka kumbusu.
Na bei ya pakiti, jamani, tusidanganyane.

Siku ya kumi na tisa nilianguka.
Tuliitwa wodi ya watoto. Ameungua, miaka minne.
Alituondokea saa kumi alfajiri,
na mama yake akaniuliza kama amelala.
Nilivuta mbili mfululizo, glavu bado mkononi,
nyuma ya chumba cha kufulia, mashuka yakidondosha maji.
Nikamwambia Kashindye. Naye hakuvuta.
Alisema, "Basi leo ni siku ya kwanza. Osha uso."

Jana baba amepiga simu: majani yameiva,
bani linasubiri mikono, likizo yangu lini?
Honi ya treni ya Kigoma ikamkata maneno.
Nikavuta pumzi, ikashuka, ikafika chini kabisa,
mahali nilipokuwa sijafika miaka mingi,
ikakuta harufu ya mvua kwenye vumbi la stesheni.
"Nitakuja, baba," nikasema. "Nitavuna karanga."
Kimya upande wa pili.
Kisha akakohoa.