Ubavu wa Kulia

Bolti nne tu.
Miaka kumi na tisa niliamini ni kazi ya fundi,
kumbe ni bolti nne, spana namba kumi na saba,
na kutu iliyong'ang'ania kama mdai.
Ya mwisho niliimwagia mafuta ya taa, nikaiacha,
nikanywa kahawa, nikarudi, ikakubali.

Kigari cha ubavuni kikainama, kikakaa chini uani
kama mgeni aliyechoka kusubiri kukaribishwa.
Nenita akatoka na beseni, akakitazama:
"Basi kuku wamepata nyumba ya bati,
yenye pazia, yenye picha ya Bikira,
yenye majina ya wanangu kwa rangi nyekundu."
Hakucheka. Alirudi jikoni, akacheka huko.

Namba ya kituo nimemuuzia Eutiquio
ili Maricel akafanye mtihani wa uuguzi kule Iloilo.
Bila namba, kigari ni bati.
Bila kigari, sijui nina jina gani:
hapa Sibalom sokoni waliniita Arobaini na Moja,
hata padri.

Nikaipiga teke, ikawaka mara moja.
Ilikuwa nyepesi mno, ikanitia haya.
Nimezoea chombo cha kubishana nacho:
ukiongeza moto kinavuta kulia,
ukikanyaga breki kinakimbilia kushoto,
nawe katikati, mabega yanagombana kutwa,
jioni mkono mmoja mnene kuliko mwenziwe.
Sasa usukani haunibishii neno.

Kona ya kwanza niliivuta kwa mikono, kama zamani.
Ikaninyima. Nikajikuta ukingoni mwa shamba la mpunga,
na nyati wa kulimia akanitazama
bila kuacha kutafuna.
Pikipiki haitaki kuvutwa. Inataka uiname nayo
kama unayemwambia mtu jambo sikioni.
Ya pili nikainama kidogo.
Ya tatu, mji mzima ukainama nami:
nguzo za umeme, kanisa la mawe, kamba za nguo,
vyote vikalala ubavu, vikainuka tena,
nami nikapiga kelele ndani ya helmeti
ambayo haijawahi kusikia kitu ila hesabu za nauli.

Lakini mazoea yana taabu.
Darajani nilimpita mtu wa baiskeli kwa mbali,
nikimwachia nafasi abiria asiyekuwepo.
Penye shimo nilikwepesha gurudumu la tatu,
nikasema "samahani, mama,"
nikaiambia hewa.

Kisha njia panda, mbele ya duka la mikate, taa nyekundu.
Nikafunga breki, nikatulia,
miguu yote miwili juu ya vikanyagio,
nikingoja, kama nilivyongoja siku zote,
kuegemezwa.

Tulianguka polepole, upande wa kulia.
Polepole kiasi kwamba niliwahi kufikiri:
kitanishika.

Vijana wa mikate walikuja mbio, mikono myeupe kwa unga.
Mmoja nilimpeleka shule tangu hajui kufunga viatu.
"Tiyo Dulo," akasema, akizunguka nyuma yangu,
akitafuta, "kile kingine kiko wapi?"
Kiwiko kilikuwa kinatoka damu. Gurudumu la mbele lilizunguka bado.
"Ubavu wangu," nikamwambia, "nimewaachia kuku."

Nilirudi kwa njia ya mto, bila haraka.
Karibu na mashine ya kukoboa, mwanamke mwenye gunia
aliinua mkono kama walivyoinua wote,
nami nikasimama kama nilivyosimama kwa wote.
Akatazama kulia kwangu, palipokuwa na barabara tu.
Akanitazama mimi. Akashusha mkono.

Hatukusemezana.
Mota ilinguruma, jua likipiga tangi,
na ilichukua muda kabla sijagundua
kwamba nimesimama,
kwamba mguu wa kulia uko chini, vumbini,
umekwenda wenyewe,
haukungoja kutumwa.