Palipokuwa Jiko

Nimechimba shimo, kina cha kiuno,
hapa Kigogo, palipokuwa jiko la shangazi Sikudhani
kabla ya ile X nyekundu ukutani,
kabla ya buldoza.
Nautazama ukuta wa shimo kama mtu anayesoma
barua ambayo aliyeiandika hakujua kuandika.

Chini kabisa, sakafu. Saruji, na kipande cha sahani
chenye ua la bluu. Naikumbuka sahani ile.
Juu yake mchanga mweupe, mgeni,
shibiri nzima: kazi ya usiku mmoja
Msimbazi ulipovunja adabu.

Mchanga ule haukushika kitu.
Mvua ilipita ndani yake kama salamu kwa asiyesikia.
Ndago ndiyo iliyoanza. Nani aliiita?
Ilikuja na maji yaleyale yaliyobomoa,
ikatia mizizi, ikagoma kuondoka, kama sisi,
ila yenyewe hakuna aliyeiandikia notisi.

Kisha matete. Hapo mambo yakageuka.
Maji yakija na haraka zake, matete yanayashika shati:
ngoja kwanza, tua mzigo.
Na maji yanatua: tope jeusi, laini,
unga uliotoka Pugu bila kulipa nauli.
Tope likanenepesha matete, matete yakaongeza tope;
nimejaribu kujua nani alimlea nani,
nimeshindwa.

Kibwana, anayelima mchicha hatua kumi kutoka hapa,
anasema haya ni maswali ya watu wenye nafasi.
Yeye anaonja. Kweli, anaonja:
anatia chembe ulimini, anatema.
"Huu bado mtoto. Subiri mibarika ife humo mara mbili tatu."
Mchicha wake tunaununua. Maji yake hatuyaulizi kwao.

Shibiri ya juu ina nyuzi za mizizi,
mnyoo mmoja, kizibo cha soda,
na jani linalooza, nusu jani, nusu udongo;
daftarini sijui niliweke safu gani.

Pembeni, pale pa mafiga, mkuyu.
Mche tu, haujafika goti.
Ndege alidondosha, tope likapokea.

Nafukia. Najitahidi kurudisha kila tabaka kwake,
la chini chini, la juu juu,
lakini koleo halina kumbukumbu hiyo.
Kipande cha sahani nakirudisha pia.
Masika hayako mbali.

"Umezika nini?" Kibwana anapaza sauti toka kwenye matuta.

"Sakafu."