Ganda la Jana

Nje ni baridi ya kupasua mbao za ua.
Huku chini ya nyumba tanuri linakoroma,
na Orest amemwaga gunia zima mezani:
maganda mekundu, ya kijani, meusi machache,
tuliyookota Oktoba nyuma ya uwanja wa shabaha,
sahani za udongo zilipokwisha kuvunjika
na wenye bunduki wamekwenda kunywa kahawa.
Sisi hatukwenda. Tuliinama.
Ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno.

Kazi ya macho ni yangu.
Miaka thelathini na mmoja nilipanga ngano kwa daraja
kwenye ghala la reli pale Canora,
punje kiganjani, mkulima mbele yangu
akijifanya anasoma kalenda ya ukutani.
Najua kusema hapana kwa sauti ya kawaida.

Kwanza mdomo.
Mikunjo minane. Uelekeze kwenye taa:
ukiona tundu la sindano penye kunjo,
moto ulishapita hapo na njia haujaisahau.
Kando.
Lililobonyea likabaki bapa,
kama midomo ya mtu aliyenuna: kando.
Lililokanyagwa na buti. Lililolala kwenye theluji
mpaka kitako kikaota kutu.
Sumaku nayo ina umbeya wake:
hiki si shaba, ni chuma kilichovishwa shaba.
Si dhambi, lakini nijue.

Halafu ndani. Nachungulia, naingiza kijiti,
nagusa pale chini kama pamelegea,
maana kipande kikichomoka kikabaki ndani ya kasiba,
risasi ya pili itakikuta njiani,
na kwa hilo shahidi ni sikio la kushoto la Orest.
Mwaka ule alikuwa na haraka,
bata bukini wamefunika shamba la shayiri,
akajaza alichokishika.
Kasiba ilichanika kama bua bichi.
Vidole alibaki navyo kumi,
daktari wa Yorkton alivihesabu mara mbili.
Tangu hapo yeye anavuta wenzo, mimi nachagua.

"Usichanganye ya kampuni mbili," ananikumbusha,
kana kwamba ni mimi niliyesahau.
Kwa nje ni mapacha;
ndani, tumbo la hili pana, la lile jembamba,
na kipimo kile kile cha baruti
huku ni kweli, kule ni uongo.

Saa nne usiku, katika pindo la gunia, gunia la mama,
kidole changu kikakuta la karatasi.
Haya hayatengenezwi tena kwa ajili ya watu kama sisi.
Mama aliyachovya midomo
kwenye nta ya mishumaa ya Pasaka iliyobaki,
na kila alipolijaza aliweka alama ya wino:
mistari minne imesimama wima,
wa tano umepinda. Mkono ulishaanza kutetemeka.

Orest alilinusa muda mrefu.
"Bado lina moja ndani yake."

Nikalichukua. Nikaweka ukucha.
Mdomo ukafunguka bila kelele,
kama barua iliyokunjwa na kukunjuliwa mno.
Akaninyang'anya tena. Haoni vizuri siku hizi, kaka yangu;
kidole gumba kikapita juu ya mistari,
lakini wino hauna mgongo.

"Alilijaza mara ngapi?"

"Tisa," nikasema.

Akapiga mluzi. Tisa! Akacheka peke yake,
akatikisa kichwa kwa ukaidi wa Stefka binti Mykola
aliyekataa kununua kipya hata siku moja.
Kisha akanirudishia, taratibu.

Ndoo ya taka ilikuwa mguuni pangu.
Aproni yangu ina mfuko.

"Haya," akasema, kiganja wazi mbele ya mashine,
"lete lingine."