Kitelezi cha Tatu

Miaka thelathini na mmoja nimeshika besi.
Nimepiga harusi za Igoma, mazishi ya Kisesa,
nimepiga Kirumba mpaka mhudumu akafagia miguuni petu,
na leo binti wa miaka ishirini na miwili ananiambia:
"Mzee Bulugu, usiguse kitu. Sikiliza kwanza."

Chumba chenyewe kiko Mabatini, nyuma ya mchomelea mageti.
Trei za mayai ukutani, blanketi zito mlangoni.
Mashine ya fundi ikianza kunguruma tunanyamaza,
tunaisubiri kama mvua ipite juu ya bati,
na Nkwimba anamenya karanga.

Siku ya kwanza nilitaka kila kitu kipande.
Ngoma haisikiki? Pandisha.
Sauti imezama? Pandisha.
Gita la Lukanya? Hilo liache hapo hapo.
Na besi, bila shaka, pandisha,
mpaka taa zote zikawa nyekundu
na wimbo ukawa ugomvi mlangoni kwa mjumbe:
kila mtu ana haki, hakuna anayeeleweka.
Akavishusha vitelezi vyote polepole, kama anayefunga duka.
"Tunaanza na kimya," akasema. "Hicho ndicho unachokigawa."

Kesho yake akaja na kisu.
"Wewe na teke la ngoma mnalala kitanda kimoja."
Akanipunguza kidogo hapa, akampunguza mwenzangu pale,
nikahisi kama ninanyolewa na mtu nisiyemjua.
Ila teke likaingia, nami nyuma yake,
bila kukanyagana.

Halafu kuna habari ya sikio.
"Mbona matoazi yote umeyapeleka kushoto?"
Yako katikati, nikasema.
Akanivua vipokea sauti, akavigeuza, akanivalisha tena.
Matoazi yakanipiga kulia kama kofi.
Basi Ndalahwa, rafiki yangu wa jukwaani,
amekuwa akinila sikio la kushoto tangu ujana,
senti kwa senti,
na mimi namnunulia soda.
Nkwimba hakunipa pole. Aliandika kwenye kidaftari:
*mzee, kushoto, tumia macho pia.*

Alhamisi akanifundisha kuzima.
Kitelezi cha tatu, changu, akakibonyeza nikatoweka.
Chini yangu kulikuwa na Lukanya,
ambaye hatusemeshani tangu Geita, kwa pesa ya jenereta:
kwacha, kwacha-kwa, kwacha,
na mguu wake ukigonga ubao,
haukimbii, hauchelewi,
ukiushika ule mwendo ambao kila mahali
nimejitapa kuwa ni wangu.
"Nikurudishe?" akauliza Nkwimba.
Nikamwambia asubiri kidogo.

Tulipomaliza nikaupeleka wimbo Mwaloni
kwa shemeji yangu Kabula, auzaye dagaa,
mwenye kiredio cha kuchomeka kadi, kikubwa kama kopo la maziwa.
Ukaanza. Ngoma ipo, sauti ipo, Lukanya yupo.
Mimi sipo.
Miaka thelathini na mmoja haikupita kwenye tundu lile.

Nikarudi Mabatini na jasho na hasira.
"Hujafa," akasema Nkwimba, "umekosa mlango wa kutokea.
Spika ndogo haiijui chini yako. Tukutie ukwaru kidogo katikati."
Akaichafua besi yangu kwa makusudi,
ikakwaruza kama kucha kwenye gunia.
Ikiwa peke yake ilikuwa mbaya, sikufichi.
Ndani ya wenzake, ikakaa.
Nikashika kitelezi cha tatu kwa kidole chenye sugu,
nikajishusha mwenyewe,
upana wa punje ya mchele.

Jumamosi, Mwaloni tena, harufu ile ile, redio ile ile.
Kabula anapepeta dagaa, hanitazami.
Ubeti wa pili ukaingia.
Akasema, mikono bado kwenye ungo:
"Shemeji, hebu ongeza."
Neno nililokatazwa wiki nzima.
Nikaongeza.