Arubaini na Mbili

Mwanzo ulitetemeka, ule mshale,
kama mkono wa mtu aliyepewa kalamu na hajui kuandika.
Kisha ukalala kwenye sifuri, nami nikauacha ulale.
Miaka sita. Sita na miezi.
Mzunguko wa Makupa: sifuri.
Daraja la Nyali, upepo umenivimbisha shati mgongoni: sifuri.
Mimi, karani mstaafu wa Kilindini,
niliyehesabu makasha mpaka usingizini,
nikipanda kila siku chombo kisichohesabu.
"Mganga hajigangi," akasema mke wangu, akacheka peke yake.

Mbeyu ana kibanda Magongo, nyuma ya duka la simiti.
Aliitazama Yamaha yangu,
tangi lililokuwa jekundu na sasa rangi ya chai,
akagonga kioo cha mita kwa ukucha, mara mbili,
kama abishaye hodi kwa mgonjwa.
"Usikimbilie kununua mita, Mzee Shekue.
Wengi hubadilisha uso, na maradhi yako mguuni."

Akalegeza kokwa, akaichomoa kebo kichwani.
Gogo chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia.
"Zungusha."
Nikazungusha. Yeye akachungulia ncha ya waya:
tuli, kama haijaambiwa.
Akachonga kijiti cha mraba, akakitia kwenye tundu la mita,
akakisokota kwa vidole viwili,
na mshale, wallahi, ukashtuka,
ukapanda unywele, ukarudi.
"Mita nzima hii. Haijapata habari tu."

Akafungua chini kwenye kitovu, akahesabu meno ya gia:
yote yapo.
Akauvuta waya wa ndani. Ukatoka nusu.
Nusu ya pili ilibaki humo, imekatika
pale kebo inapojipinda nyuma ya taa,
na vumbi la kutu likamwagika kiganjani mwake kama ugoro.
"Mara ya mwisho uliipa grisi lini?"
Nikageuka kutazama simiti ikishushwa.

Kebo mpya aliipaka mwenyewe, taratibu,
shubiri ya juu akaiacha kavu.
"Grisi ikipanda kwenye mita, mshale hulewa."
Akaipitisha kwa upinde mpana. Kona kali, alisema,
ndiyo iliyoiua ile ya kwanza.

Nikashika njia ya Jomvu.
Mshale ukaamka. Kumi na tano. Thelathini.
Nikaongeza mafuta mpaka pale ninapopajua,
pale masikio yanapovuma na chozi kukaukia pembeni mwa jicho,
pale ninapopasimulia barazani: "Jana nilipiga themanini!"

Arubaini na mbili.

Nikagonga kioo. Arubaini na mbili.
Tuktuk iliyobeba magodoro ikanipita,
na dereva wake, kwa adabu, akanipungia mkono.

Nikarudi na malalamiko.
Mbeyu akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.
"Niikate tena, ikusitiri?"

Usiku nilikaa na daftari.
Mita ilisimama kwenye thelathini na nane elfu, mia mbili na kumi na sita.
Nikataka kukadiria yaliyopotea:
mjukuu na skuli ya Tudor, kwenda na kurudi;
mitungi ya gesi; ile alfajiri ya Makadara
mama mkwe amenikumbatia kiuno, akisoma, akinisonya;
safari za bure, za kutafuta upepo tu.
Hesabu ikanigomea.
Bandarini, kasha lisilo kwenye orodha
hatukulitupa baharini. Tuliandika: limeonekana.
Nikaandika hivyo. Nikafunga daftari.

Asubuhi nilivuka Likoni.
Injini nimezima, miguu yote miwili chini,
feri ikitusogeza sote, wenye haraka na wasio nayo.
Mshale ulikuwa kwenye sifuri.
Ng'ambo ilikuwa inakuja.
Sikuugonga.